Sherehe ya Sifuri

Tangu chanjo ya kinyaa ifike Mwilavila, zahanati haikuacha kunuka matapishi. Harufu ilishika mapazia, ikashika shuka za kitanda cha kujifungulia, ikashika hata kipande cha mkate alichobeba Osmunda Ngailo kwa ajili ya chai ya saa nne. Osmunda ndiye aliyekuwa tabibu wa hapo, mama wa makamo, mjane, mwenye vidole vilivyochubuka kwa kunawa, na alikuwa ameacha siku nyingi kula akiwa kazini. Mkate aliubeba kwa mazoea tu, na jioni akawapa kuku.

Siku hiyo harufu ilizidi, maana ilikuwa imechanganywa na manukato. Wakubwa wa wilaya walikuwa wanakuja kusherehekea Sifuri, na watu wa maandalizi walileta marashi ya kunyunyizia sakafuni. Nesi Editha alikwishapiga deki mara mbili. Alisimama mlangoni ameegemea dekio, amekunja pua.

"Bora yangenuka yenyewe, mama," alisema. "Hii sasa ni maiti iliyopakwa poda."

"Punguza sauti. Wageni wako njiani."

"Waje. Pua si wanazo."

Nje, kwenye uwanja wa shule, vijana walikuwa wanasimamisha turubai kwa vyuma na mawe. Kamba hazikutumika, kwa sababu hapakuwa na mtu mzima Mwilavila aliyeweza kuishika kamba kwa muda bila kukimbilia kichakani. Juu ya turubai waliweka bango: MWILAVILA SIFURI. Maana yake ilikuwa kwamba tangu chanjo ije, hakuna mtu hata mmoja wa kata ile aliyejiua. Osmunda angependa liwe la uongo, apate pa kumalizia hasira zake, lakini lilikuwa kweli tupu. Watu waliokuwa wakizikwa kwa minong'ono hawakuzikwa tena. Walikuja kwake kutapika.

Mzee Alatanga Mbilinyi aliingia na kopo lake mkononi. Kila mtu wa Mwilavila alitembea na kopo, lile la rangi lenye mfuniko, kanisani na sokoni, na hakuna aliyeliona kuwa ajabu tena. Alikaa, akaliweka kopo katikati ya miguu. Shati lilikuwa limemvaa yeye badala ya yeye kulivaa.

"Kamwene, daktari."

"Kamwene, baba. Habari za nyumbani?"

"Nyumbani kuzuri. Nina safari kidogo, naenda kwa dada yangu. Basi hunisumbua tumbo. Nikasema nipitie, unipe zile tulizi, mbili tatu."

Osmunda alishusha pumzi. Tulizi ni vidonge vya kuzuia kutapika, vyenye ladha ya bizari tamu. Zamani viliuzwa dukani pamoja na peremende. Siku hizi vilifungiwa kabatini, kwa sababu mtu aliyechanjwa akimeza kimoja, kinyaa chake kinalala mchana mzima na yeye anarudi kuwa kama alivyokuwa kabla ya sindano. Vilitolewa kwa wajawazito wasiochanjwa, basi. Mwingine yeyote aliyevitaka alisema ana safari. Kata nzima ilikuwa na safari, na stendi ilikuwa tupu.

Alimbonyeza mkono wa kushoto. Nukta ya buluu ikawaka chini ya ngozi.

"Baba, umechanjwa. Unajua siwezi."

"Najua. Nilisema nijaribu." Akatazama kopo. "Basi kuna neno nilitaka kukuachia kabla sijaenda. Yule mtoto. Siku ile, mimi..."

Hakufika mbali. Aliinama juu ya kopo akatapika, mabega yakimruka. Na Osmunda, ambaye naye alikuwa na nukta mkononi, alielewa ni safari gani mzee anaizungumzia, na kule kuelewa tu kulitosha. Harufu ya viazi vilivyooza ikapanda kooni. Aliwahi karai la kunawia kwa shida. Wakatapika wote wawili, kila mtu upande wake, wamepeana migongo.

Aliposukutua alijitazama kwenye kioo kilichokuwa juu ya karai. Alijichukia. Hakuyachukia matapishi, hayo alishayazoea. Alimchukia yule mwanamke wa kwenye kioo, mganga anayempa mgonjwa mgongo halafu anaita hiyo tiba.

"Basi, daktari," alisema mzee, akifunika kopo lake. "Tusiumizane."

"Usiondoke, baba. Kaa pale nje na Editha. Nitazungumza na mratibu wa chanjo akifika."

*

Kinyaa kilifanya kazi hivi. Sindano yenyewe ilikuwa nyembamba, haikuuma. Dawa ilikwenda kutulia kwenye ile sehemu ya ubongo inayomfanya mtu ateme nyama mbovu kabla hajajua kuwa ni mbovu. Baadaye ulivishwa kofia ya nyaya, sauti ikakutajia kifo chako mwenyewe kwa namna hii na ile, na mrija ukakupulizia uvundo puani. Ukitoka pale, kila wazo la kujiondoa duniani lilikuja na uvundo wake. Mwili ulikataa kabla moyo haujaamua. Wataalamu walisema kinga ya aina hiyo haijapata kutokea, na kwa hilo walisema kweli.

Uvundo kila kata ilijichagulia. Mwilavila waliitisha mkutano. Mtendaji akauliza ni harufu gani wanaichukia kupita zote, na watu wakacheka, wakabishana, mmoja akataja kicheche, mwingine panya aliyefia darini. Mwisho akasimama bibi mmoja akasema hakuna kinachokishinda kiazi kilichoozea ghalani. Mikono ikanyooshwa yote. Wanasema penye wengi hapaharibiki neno. Siku ile liliharibika, na vigelegele vikapigwa.

Kwani Mwilavila waliishi kwa viazi. Kila nyumba ilikuwa na ghala, na kila ghala halikosi kiazi kimoja kibovu chini kabisa. Mashine iliifundisha pua kwamba kifo kinanuka viazi, na hakuna aliyejiuliza pua nayo itafundisha nini. Mtu ambaye hajawahi kuwaza kufa maishani mwake alikaa na mkewe kuchambua viazi vya kupeleka sokoni, dole gumba likazama kwenye kilichooza, na papo hapo akawaza kufa. Hakujua wazo limetoka wapi. Aliona tu limeingia, limekaa, halafu akatapika. Msimu wa mavuno ndio uliogeuka kuwa msimu wa huzuni. Osmunda alipeleka taarifa wilayani, akapeleka tena. Jibu lilikuwa lile lile: mtu akitapika, ujue chanjo inafanya kazi.

Yeye alikuwa wa kwanza kuchanjwa. Alikunja mkono wa gauni kabla mtendaji hajamaliza kuomba wa kujitolea, na watu wakampigia makofi kwa kuonyesha mfano. Ulikuwa mwaka uleule mumewe Gaudensi alipofariki. Alimzika Jumamosi, Jumatatu akafungua zahanati, kwa kuwa mganga mwingine hapakuwa, na watu wakamsifia roho ngumu. Kwa nini aliiwahi sindano ile kwa haraka namna ile, hakukumbuka. Kila alipogeuza mawazo kuelekea wiki ile, viazi vilimjia, kwa hiyo aliacha kugeuza.

*

Mratibu Kastuli Wikechi alifika kabla ya saa sita kwa gari lisilo na mlio. Alikuwa mtu msafi, mchangamfu, mwenye kitambi cha heshima. Aliomba mahali pa kula kwani alitoka nyumbani alfajiri, na kabla hajajibiwa alikuwa amekaa kwenye meza ya Osmunda, amefungua hotipoti ya kuku, kando ya karai.

"Mama Ngailo, leo tunakuvisha shada. Umejiandaa kusema neno?"

"Nina mgonjwa, mratibu. Naomba kibali cha tulizi. Kidonge kimoja. Atakimeza hapa na kukaa na mimi mpaka kiishe nguvu."

"Ili iweje?"

"Ili aseme."

"Nani huyo?"

"Mzee Mbilinyi."

"Ah, yule wa mjukuu." Kastuli alivunja mfupa, akaunyonya. "Hilo jambo si linajulikana? Alikuwa anarudisha pawatila, lile trekta lake dogo, nyuma wakati wa mavuno, mtoto akawa nyuma yake, hakumwona. Ukoo ulikaa, wakamnyoa nywele, wakamnywesha uji wa msamaha mbele ya watu. Wakasema yamekwisha, lisitajwe tena. Aseme nini zaidi?"

"Hatujui. Hajawahi kulisema yeye."

"Na asiliseme. Sikiliza, mama. Akinyamaza, anaishi. Ili aseme lazima tumfungulie mlango, na huyo akifunguliwa mlango harudi. Mimi na wewe tunajua. Wewe ungeufungua?"

Kilichomkera Osmunda ni kwamba mtu yule aliyepakaa mafuta hadi kidevuni alikuwa amesema kweli. Mzee hakuficha, alisema ana safari. Kidonge kimoja kingempa ulimi na njia kwa wakati mmoja.

"Ila usihofu," Kastuli aliendelea. "Nimekuja na nyongeza. Dozi ya pili, mpya kabisa, iko kwenye gari. Hii haisubiri mtu awaze kufa. Inashuka hadi kwenye mzizi wa jambo, na kwake mzizi ni mtoto. Unamchoma, tunamvisha kofia, tunamtajia jina la mtoto kwa muda, imekwisha. Akiona picha yake atatapika. Akisikia jina atatapika. Baada ya mwezi atakuwa anamkwepa mwenyewe kichwani mwake, na atanenepa."

"Mjukuu wake, Tula, atamnukia viazi."

"Mtoto ni marehemu, mama. Hanuki kitu."

Osmunda alimtazama akichagua paja la mwisho. "Mratibu, unawezaje kuyasema haya huku unakula?"

Kastuli akacheka, akakunja shati. Mkono ulikuwa mtupu, hakuna nukta. "Sisi wa usimamizi hatuchanjwi. Lazima abaki mtu mwenye tumbo la kufikiri." Alinawa kwenye karai lile lile, akatafuta taulo, asipoiona akajifuta kwa pazia. "Hotuba zikiisha nakuja na sindano. Mwandae."

Pazia lilibaki na alama za vidole. Osmunda aliona karaha iliyomfikia mifupani, na safari hii viazi havikuhusika.

*

Alijifungia chumba cha dawa. Ukutani palikuwa na tangazo la miaka mingi iliyopita, limefifia: Mficha maradhi, kifo humuumbua. Hakuna aliyekumbuka kulibandua. Funguo ya kabati alikuwa ameivaa shingoni. Akafungua, akatoa kidonge kimoja cha tulizi, akakishika kiganjani.

Akimpa mzee, huenda akamzika. Akimchoma nyongeza, mtoto atakufa mara ya pili, na safari hii ndani ya babu yake. Akimrudisha nyumbani kama alivyokuja, atakauka taratibu kama walivyokauka wengine wasiohesabiwa, watu waliolala wamegeukia ukuta mpaka wakaisha, ikasemwa ni tumbo. Funika kombe mwanaharamu apite. Alikitazama kidonge mpaka kikaanza kulowa jasho.

Halafu akajiuliza swali ambalo angepaswa kujiuliza zamani. Kati yao wawili, ni nani hasa anayezuiwa na kutapika? Mzee alikuwa ameanza kusema. Alitapika, ndiyo, lakini alikuwa ameanza. Aliyekimbilia karai ni yeye.

Chuoni walikuwa wamefundishwa kuuliza. Kabla ya kinyaa, hilo lilikuwa somo la kwanza: mgonjwa akija na kichwa kisichopona, na usingizi usiokuja, muulize kama anataka kufa. Litaje jambo kwa jina lake, usizunguke, kuuliza hakumpi mtu wazo asilokuwa nalo. Kinyaa kilipokuja, mwongozo mpya ukakataza swali kwa sababu lilichafua vyumba. Tangu hapo hajamuuliza mtu yeyote.

Akakiweka kidonge mdomoni mwake, akakimeza bila maji.

Kilikuwa na ladha ya bizari tamu. Baada ya kitambo pua yake ikafunguka, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka akasikia zahanati ilivyonuka kweli: matapishi, marashi, kuku wa mratibu. Chini yake hapakuwa na viazi. Nyuma ya kichwa chake aliona kuna kitu kimesimama kimya, kinamngoja. Alikijua kuwa kipo hata kabla hajageuka. Akakiambia kingoje.

"Editha," aliita. "Niletee ile ndoo kubwa, majivu, na maji ya vuguvugu yenye chumvi. Halafu mlete baba Mbilinyi, ufunge mlango."

*

Hakukaa ng'ambo ya meza. Alivuta kiti akaketi ubavuni mwa mzee, akamweka kiganja kimoja kwenye paji la uso na kingine kisogoni, kama mama yeyote anavyomshika mtoto anayetapika. Mzee alishtuka.

"Daktari, mimi ni wa umri wa baba yako."

"Ndiyo maana nakushika." Akamtazama. "Baba Alatanga, unataka kufa?"

Mzee alitapika. Osmunda hakumwachia. Alisikia paji likichemka chini ya kiganja, akasikia shingo ikikaza na kulegea. Ilipotulia akampa maji asukutue.

"Ndiyo," mzee alisema, na akatapika tena.

Huko nje kipaza sauti kilianza kunguruma. Mtu alisema, "Mwilavila!" na umati ukajibu, "Sifuri!" Ndani kazi ilikuwa chafu na ya polepole. Mzee alisema maneno mawili, akainama, akasema mengine matatu. Editha, aliyekuwa amejiziba masikio kwa pamba kwa kujua anachofanya, aliingia na kutoka akimwaga majivu. Matapishi yalimrukia Osmunda kwenye viatu, kwenye gauni alilokuwa ameshonesha kwa ajili ya shada. Aliona kinyaa cha kawaida, kile alichozaliwa nacho, na akagundua kwamba hicho kinavumilika.

Akagundua na lingine. Mzee alipomsimulia Tula akiwa hai, hakutapika. Tula aliogopa kuku. Tula alikula viazi vya kuchoma na maganda yake, akigombezwa anasema maganda ndiyo nyama. Mzee aliyasema hayo kwa sauti iliyonyooka. Aliposogelea siku ile, ndoo. Basi Osmunda akaacha kuyaogopa matapishi, akawa anayafuata. Mzee alipotapika, hapo ndipo alipouliza tena.

"Kila mtu ananiambia sikumwona," alisema mzee. Tumbo lilikuwa limeishiwa, linatoa nyongo tu. "Baba, hukumwona. Babu, hukumwona. Mke wangu, mwanangu, mchungaji. Hukumwona, hukumwona." Akainama. Osmunda akamshika. "Nilimwona."

"Niambie."

"Kulikuwa na baridi. Analia mikono inamuuma. Nikachukua kiroba kitupu, nikamwambia ingia humu, mjukuu wangu, upate joto. Nikamfunika mwenyewe. Nikamtandikia na majani." Alitapika, akajifuta kwa mkono wa shati, hakungoja maji. "Akaja mtu wa bei, tukabishana. Bei, daktari. Nikarudi nimekasirika, nikapanda pawatila, nikaona viroba nyuma. Viroba vyote vinafanana."

Osmunda alikikaza kiganja kisogoni mwake.

"Wamenisamehe kwa kutomwona. Kwa hili hawajanisamehe, kwa sababu hawalijui. Ule uji niliunywa wa uongo. Kila siku nauona ule uji."

Osmunda alitegemea kumhurumia, na alimhurumia. Lakini kabla ya huruma ilikuja hasira kwa watu wote wale waliomfunga mzee mdomo kwa wema, wa kwanza kwa bakuli la uji, wa pili kwa sindano, na yeye mwenyewe akiwa amewashikia taa. Hakumwambia ni mapenzi ya Mungu. Aliona akisema hivyo atakuwa anamfunga tena.

"Ulimfunika apate joto," alisema.

"Ndiyo."

"Halafu ukasahau."

"Ndiyo."

"Vyote viwili ni kweli, baba. Mimi nimevisikia vyote viwili, na bado nimekushika."

Mzee akafungua mdomo juu ya ndoo, na kilichotoka kilikuwa kilio. Kilikuwa kikubwa, cha mtu asiyelia tangu mazishi, na Osmunda akaona jambo ambalo hakuna mwongozo uliowahi kulitaja: mwili hauwezi kulia na kutapika kwa pamoja. Lazima uchague. Mwili wa mzee ulichagua kulia, ukaendelea hivyo kwa muda mrefu.

*

Kastuli aliingia bila kubisha, na sanduku la nyongeza mkononi, shada la maua la mama Ngailo likining'inia kwenye kiwiko. Kiatu chake kiliteleza kwenye majivu mabichi. Alishika ukuta, na ukuta nao haukuwa mkavu.

"Tumekuita jukwaani mara tatu," alisema. "Nini hiki? Umemfungulia?"

"Hajafunguliwa mtu. Tulizi nimemeza mimi." Osmunda alibonyeza mkono wa mzee, nukta ikawaka buluu. "Kinyaa chake kiko pale pale. Amesema nacho."

"Umemeza wewe? Unajua utaandika barua ya kujieleza?"

"Nitaandika. Nitaeleza na pazia."

Kastuli hakuelewa habari ya pazia. Alitafuta mahali pakavu pa kuweka sanduku, akakosa. "Tutazungumza baadaye. Mzee, nyoosha mkono."

Alatanga aliinua uso. Ulikuwa umevimba na kulowa, lakini macho yalikuwa yamerudi ndani yake. "Mjukuu wangu msimguse," alisema.

"Ni kwa faida yako, mzee."

"Amekataa, mratibu," alisema Osmunda. "Mtu mzima akikataa, sindano haiingii. Hiyo ni sheria yenu wenyewe, iko pale mlangoni kwa herufi kubwa."

Kastuli alivuta pumzi ili ajibu. Chumba kile hakikuwa cha kuvutia pumzi. Uso wake ukabadilika rangi, akalitupa shada, akatoka mbio, na kutoka dirishani walimsikia akimtapika kuku wake kwenye maua ya zahanati, mtu asiye na nukta, bila chanjo yoyote. Editha alitoa pamba moja sikioni ili asikie vizuri.

Mkewe Alatanga alikuwa uwanjani na kina mama wengine. Osmunda alimwita, kisha akamgeukia mzee.

"Stoo ya dawa za shamba, funguo anayo nani?"

"Mimi."

"Niachie."

Mzee alipapasa mfukoni. Alikaa nayo kidogo mkononi, halafu akaiweka mezani.

"Leo usimwambie mtu lile la kiroba, kama hujawa tayari. Nitakuwepo siku utakapotaka kumwambia mwanao. Ila kesho asubuhi njoo tuseme tena."

"Nije na kopo?"

"Liache nyumbani. Ndoo ipo."

Aliondoka na mkewe, polepole, wakipita kando ya turubai ambako watu walikuwa wanapakuliwa pilau. Hawakusimama.

*

Walisafisha wawili, bila marashi. Jua lilikuwa limeanza kuegemea mlimani na kipaza sauti kimezimwa. Editha alikuwa anakamua dekio alipomwona Osmunda amesimama mbele ya kabati la dawa, hasogei.

Tulizi ilikuwa bado haijaisha. Kile kitu kilichokuwa kimesimama nyuma ya kichwa chake kilikuwa kimengoja kama alivyokiambia, na sasa kilisogea. Ilikuwa wiki ile ya Gaudensi, nzima, na usiku wake wote, na kile alichokuwa amekiamua kabla mtendaji hajaja kutafuta wa kujitolea. Alikitazama. Hakikunuka chochote, na hilo ndilo lililomtisha. Kilionekana kama mapumziko.

Alivua funguo ya kabati shingoni. Akaichukua na ile ya stoo ya mzee, akampa Editha zote mbili.

"Kaa nazo wewe," alisema. "Na usiende nyumbani mpaka hii dawa iniishe."

Editha alizitazama funguo, akamtazama usoni. Alikuwa na nukta mkononi kama wote. Hakusema pole, wala hakusema mama wewe una roho ngumu. Alivuta kiti, akachukua ndoo akaiweka katikati ya magoti yake mwenyewe, akaushika mkono wa Osmunda na kuanza kuliuliza lile swali. Alitapika kabla halijafika mwisho. Akajifuta mdomo, akalianza upya.